Udongo Tuliouhamisha kwa Ndoo

Mimi si mtu wa shamba, na hilo lieleweke tangu mwanzo. Nilizaliwa Lushoto, kwenye mteremko ambako kiazi kikikuponyoka unakwenda kukiokota kwa jirani, na nikiwa bado msichana nilijiapiza kwamba nikitoka pale sitashika jembe tena. Kiapo nilikitimiza kwa miaka mingi. Nilikuja Marekani nimeolewa na dereva wa ubalozi, dereva akaenda zake na mwingine, mimi nikabaki. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepanga ghorofa ya pili Langley Park, jimbo la Maryland, na kufanya kazi ya kutunza wazee huko Rockville, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Udongo pekee niliokuwa nao ulikuwa kwenye kopo la maua ambalo kila mara nilisahau kulimwagia maji.

Mama alikuja baada ya baba kufariki. Alikuja kwa matembezi, na begi moja, na mbegu alizozishona kwenye upindo wa kanga ili watu wa uwanja wa ndege wasizione. Kabla matembezi hayajaisha miguu ilivimba, uso ukavimba, na asubuhi moja akashindwa kupumua. Hospitali wakasema figo zote mbili zimekwisha. Si kwamba zinaumwa, zimekwisha. Tangu hapo akawa mtu wa mashine: leo yupo kwenye kiti damu yake inatolewa, inasafishwa, inarudishwa, kesho anapumzika, kesho kutwa anarudi tena kwenye kiti. Habari ya jinsi tulivyoipata hiyo mashine nisiulizwe, ni hadithi nyingine na mpaka leo inanipandisha presha. La muhimu ni kwamba kwetu wakati ule mashine ya namna hiyo ilikuwa kitu cha kusikia tu. Akirudi Lushoto anarudi kufa, tena si kwa baadaye. Daktari alisema hivyo hivyo, na mimi nikamtafsiria mama hivyo hivyo kwa sababu hakuwa mtu wa kufichwa.

"Basi nirudisheni," alisema, akaendelea kukunja kanga yake.

Nilikataa. Nililia, nikafoka, nikanunua kadi ya simu ya kukwangua nikampigia kaka yangu Lushoto ili naye afoke. Mama alibaki kwa sababu ya makelele yetu, lakini alibaki kama mgeni aliyenyimwa ruhusa ya kuaga. Akirudi kutoka kwenye mashine alikuwa anajilaza na kugeukia ukuta. Hataki televisheni, hataki kushuka chini, hataki kujua jirani ni nani. Kila baada ya siku chache aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, tiketi umeulizia?"

Aliyemtoa kitandani hakuwa mimi. Alikuwa mama mmoja Mkongo aliyeishi chini yetu, mtu wa Bukavu, mlokole, mwenye sauti inayosikika mpaka kituo cha basi. Alikuwa na kiwanja kwenye bustani ya jumuiya kando ya kijito, mahali ambapo watu wa maghorofa hugawiwa vipande vya kulima. Siku hiyo aligonga, nikafungua, akanipita mimi kama kiti na kwenda kusimama mbele ya mama.

"Shikamoo mama," alisema, maana alishajifunza kwamba Watanzania bila shikamoo hawasikii. "Kuya tuende ku shamba. Kukaa mu nyumba kila siku, ile iko maladi, ni ugonjwa ingine."

"Shamba la nani?" mama aliuliza, bado ameutazama ukuta.

"La Mungu. Lakini iko na namba."

Mama akageuka.

Kiwanja alichopewa mama kilikuwa mwisho kabisa, kwenye uzio, mbali na bomba. Msimamizi wa bustani, mwanamke wa Kizungu mstaafu mwenye kofia pana na magoti mabovu, alitueleza kwamba kabla ya mama alikuwapo mzee aliyelima pale nyanya na viazi, nyanya na viazi, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka watoto wake walipomhamishia mji mwingine. Nilipomtafsiria mama, alifurahi. "Kama kwetu," alisema. "Lushoto nzima ni nyanya na viazi."

Alilima zile siku zisizo za mashine, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa wa mashine; walimtengenezea humo mshipa mkubwa wa kuchomea sindano za mashine, unaonguruma ukiugusa, na akakatazwa kubeba kitu. Maji nilibeba mimi, niliyejiapiza, nikitoka kazini na viatu vya kazi, kutoka bombani mpaka uzioni, huku nanung'unika. Nikijimwagia nusu ndoo miguuni, mama alikuwa anasema, "Maji ni ya mimea, mwanangu." Nilikuwa natamani kumjibu vibaya na nilikuwa namshukuru Mungu kwamba ananisema.

Kiangazi kile mama alitoa chakula mpaka nikaona haya kuwagongea watu milango. Alitoa ngogwe, zile nyanya chungu nyeupe za kwetu. Alitoa maharage. Alitoa mchicha, ambao Wakongo waliuita lengalenga na Wakenya wakauita terere, na kila mmoja alishikilia kwamba jina lake ndilo. Watanzania walikuja kutoka hata Woodbridge, jimbo la jirani, kufuata ngogwe, wakazinusa kabla hata ya kusalimia. Mama mwenyewe hakuruhusiwa kula. Maharage, nyanya, mboga za majani, vyote vina potasiamu, na potasiamu kwa mtu asiye na figo husimamisha moyo. Alichemsha ngogwe moja, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga tena, kisha akala kipande cha ukubwa wa kidole gumba, amefumba macho. Vilivyobaki aliwatazama wengine wakila, na nilivyomwona, kuwatazama kulimtosha.

Hakuulizia tiketi tena. Mimi, kwa ujinga wa furaha, nikadhani amesahau. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage sebuleni, akaniambia bila kuinua macho:

"Sikiliza. Ile mashine hainiponyi. Inaningojesha tu. Nitangoja maadamu kuna kitu cha kungojea. Shamba likinikubali, nitakaa. Likinikataa, utanirudisha, na hutapiga kelele."

"Sawa, mama," nikasema.

"Sema vizuri."

"Shamba likikukataa nitakurudisha, na sitapiga kelele."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Ngogwe zilikuwa zinamfika kiunoni. Niliona nimepata mkataba mzuri kuliko wote niliowahi kuingia, hata ule wa ndoa.

Mwisho wa kiangazi ngogwe chache zilianza kuonyesha kitu. Majani yaligeuka njano upande mmoja, upande wa pili yakabaki kijani. Mchana zililegea, jioni zikainuka. "Zimechoka," mama alisema. "Zimezaa sana." Kisha baridi ikaja ikaua kila kitu, shamba zima likawa la rangi moja, na hakuna aliyewaza zaidi.

Wakati wa baridi tulipewa kiwanja kingine. Msimamizi aliona jinsi nilivyokuwa nahangaika na maji, akatutafutia mahali jirani na bomba, ubavuni mwa Mkongo wetu. Kilikuwa kiwanja cha majani matupu, hakijalimwa muda mrefu. Mimi niliruka kwa furaha, mabega yangu pia. Mama alikwenda kukitazama, akachukua udongo kiganjani, akaufinya, akauacha udondoke.

"Huu haujui maharage," alisema.

Kwetu milimani, mtu akifungua shamba jipya la maharage hapandi hivi hivi. Anakwenda kwenye shamba la zamani, lile lililokubali, anachukua udongo wa pale, na kila shimo la mbegu analitilia kiganja kimoja. Bila hivyo maharage yanatoka manyonge, ya manjano. Mama hakujua kueleza kwa kitabu. Alijua kwamba kwenye mizizi ya maharage yenye afya kuna vinundu, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu kama fizi, na kwamba vinundu hivyo vinatoka kwenye udongo uliokwisha kubeba maharage. Baadaye nilisikia mtaalamu redioni akizungumzia viumbe wadogo wasioonekana wanaoachwa na mazao yaliyotangulia, nikajua mama alikuwa sahihi kabisa. Sijui nifanye nini na usahihi huo.

Kiganja kwa kila shimo peke yake kingetosha. Lakini mama alikuwa amepata nguvu, na mtu akipata nguvu baada ya kukata tamaa hafanyi mambo nusunusu. Alitaka matuta mazima yafunikwe. Akatangaza msaragambo.

Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya kuitana. Mwenye shamba anapika, watu wanakuja na majembe yao, kazi inakwisha, chungu kinakwisha. Sijui ni lini ulifanyika mwingine Maryland. Wa mama ulifanyika Jumamosi moja ya masika, na walikuja watu ambao sikutegemea: wanawake wa Tanga waliokuwa hawasalimiani tangu harusi fulani, mtumishi wa ubalozi na suruali ya kupigwa pasi, Wakongo wa kanisa la jirani yetu na watoto wao, vijana wa Kikenya waliokuwa wanasoma na kulala kwa zamu kwenye chumba kimoja. Nilipika makande sufuria kubwa mbili. Ndoo zilikuwa zile za rangi, tulizookota nyuma ya maghorofa na kuziosha.

Tulisimama mstari kutoka uzioni mpaka bombani, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Wakongo waliimba za kanisa, wanawake wa Tanga wakaimba za kwao ambazo hazifai kanisani, na hakuna aliyekasirika. Kijana mmoja Mkenya alisimama na ndoo yake akaitazama.

"Shosh, kwani tuna-relocate shamba yote? Si hii soil ni ile ile tu?"

"Beba, mjukuu wangu," mama alimwambia. "Utaona."

Aliyebeba kuliko wote alikuwa Mkongo wetu. Wengine walipokaa kula, yeye alikuwa bado anachota, kanga imefungwa kifuani, jasho linamtiririka, anamwita Yesu kwa kila ndoo. Udongo mzuri wa juu uliisha tukiwa tumebakiza tuta moja, lile la mwisho, upande wa kwake. Watu walikuwa wamechoka na makande yanapoa.

"Liacheni hilo," mama alisema. "Mmenifanyia vya kutosha."

Alisimama pale katikati, mkono wa mashine umeufunika na mtandio, akilia waziwazi mbele za watu. Kaka aliniambia hata baba alipozikwa hakulia. Nilisimama karibu naye na mwiko mkononi nikawaza kwamba sasa atakaa. Niliwaza kabisa kwamba tumeshinda.

Maharage yalipotoka, yalitoka meusi kwa ukijani, majani mapana, shina nene. Mama aling'oa mche mmoja akanionyesha mizizi imejaa vinundu kama shanga. Kwenye tuta lile la mwisho tu ndipo yalipokuwa membamba, ya rangi ya maji ya chai. "Unaona?" alinishika bega. "Unaona?" Niliona, na nilikuwa tayari kumwamini katika kila kitu.

Ngogwe zilikuwa katikati ya maharage, kama alivyozoea kuchanganya. Nazo zilikua vizuri, zikatoa maua, zikaanza kufunga. Halafu joto lilipokaza, siku moja nilifika jioni nikamkuta mama ameketi kwenye ndoo yake, amelitazama shina moja. Majani yalikuwa njano upande mmoja.

"Zimechoka," nikasema, nikijitahidi kuwa na sauti ya kawaida.

"Hazijazaa bado," mama alisema. "Zimechoshwa na nini?"

Wiki iliyofuata halikuwa shina moja tena, ilikuwa mistari mizima. Mchana zilikuwa zinalala zote, jioni baadhi zinainuka, baadhi haziinuki. Nilimwagia maji mpaka Mkongo akaniambia nitazioza. Mwishowe nilikwenda kumwita msimamizi. Alikuja na magoti yake, akapiga moja chini kwa taabu, akakata shina kwa kisu cha mfukoni, akatuonyesha. Ndani, pale ambapo pangekuwa peupe, kulikuwa na mduara wa kahawia.

Alieleza polepole ili nitafsiri. Alisema ni kuvu, iko ndani ya udongo, haionekani. Inapenda jamii ya nyanya: nyanya zenyewe, viazi, bilinganya, na hizi ngogwe zetu ni ndugu zao. Mahali palipolimwa hivyo mfululizo inaongezeka kila mwaka. Mimea ikiondoka yenyewe haiondoki, inalala inangoja. Ikipata mzizi inaingia, inaziba njia za maji mle ndani ya shina.

"Lakini maji tunamwagia," mama alisema.

Nilitafsiri. "Maji yapo," msimamizi alijibu. "Hayapandi."

Mama akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe nazo figo zimekwisha," alisema. Hilo sikulitafsiri.

Msimamizi aliuliza kama tumeleta miche au mbolea kutoka mahali pengine, maana kiwanja hiki kilikuwa cha majani na ugonjwa huu haukuwapo. Mama hakungoja tafsiri. Alikuwa anatazama tuta la mwisho, lile ambalo udongo haukulifikia. Maharage yake yalikuwa manyonge vile vile, ya kusikitisha. Katikati yake ngogwe zilikuwa zimesimama kijani kibichi, zimenyooka, na matunda.

Alilitazama tuta lile, akatazama mengine yote, akarudi kulitazama. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Udongo ule ule, ndoo ile ile, ulileta chakula cha maharage na kifo cha ngogwe, na tuliubeba sisi, tukiimba.

"Muulize dawa," alisema.

Nikauliza. Msimamizi akatikisa kichwa. Dawa ni kung'oa, kutia kwenye mifuko, kutupa mbali. Halafu kupanda vitu visivyo jamii hiyo, mahindi ni mazuri, vitunguu, na kungoja.

"Kungoja mpaka lini?"

"Miaka minne. Mitano. Pengine zaidi."

Nilimtafsiria. Sikupunguza kitu. Mama akasema, "Miaka mitano. Haya." Yule mama wa Kizungu hakujua alichokisema. Alimpiga mama begani kwa huruma ya mtu anayezungumzia mboga.

Nilipigana, msidhani sikupigana. Nilimwambia mama tuta moja limebaki zima, tuta moja linatosha, yeye mwenyewe anakula kipande cha kidole. Nilimwambia tutapanda mahindi, mahindi nayo ni shamba. Alikubali. Aling'oa ngogwe zote za matuta yale kwa mkono wake mmoja, akazitia kwenye mifuko myeusi, nami nikazipeleka kwenye pipa. Nilidhani tumepona. Lakini tulikuwa tumetembea humo kwa viatu vile vile, na jembe lile lile, na maji ya bomba yalikuwa yanateremka kutoka matuta yetu kwenda lile la mwisho na kupita. Baada ya muda ngogwe za tuta la mwisho nazo zikageuka njano upande mmoja.

Majirani wa bustani walianza kuzunguka. Hakuna aliyesema neno baya. Walikuwa wanapita njia ya mbali tu, na mmoja nilimwona akisugua soli kwenye nyasi baada ya kupita kwetu. Mama naye alimwona. Kwetu, mtu anayewaharibia wenzake mashamba anajulikana kijiji kizima, na hata akisamehewa, watoto wake wanatajwa naye.

Kisha zikafuata bilinganya za Mkongo. Alikuwa amepanda mistari mitatu mirefu mpakani kwetu, ndizo alizotegemea kulisha watoto wake na kugawia kanisa. Mama ndiye aliyeziona kwanza, kwa sababu alikuwa amezoea sasa kutazama jani kwa nusu. Alimwita. Mkongo akaja, akachuchumaa, akalishika jani.

"Ni mimi," mama alimwambia. "Ni ule udongo. Nimekuua, mwanangu."

"Aa mama, haiko kitu. Ni bilinganya tu. Mungu ataleta ingine."

"Wewe ndiye uliyebeba kuliko wote."

"Nilibeba kwa sababu nilitaka," alisema Mkongo, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha kabisa. Aliendelea kulishika lile jani. Nadhani alikuwa analia, lakini alikuwa ameinama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alipanda ngazi akipumzika kila mara, akaingia, akaketi kitandani.

"Tiketi," alisema.

Nilipiga kelele. Nilikuwa nimeahidi sitapiga, na nikapiga mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nilimwambia mtu hafi kwa ajili ya nyanya chungu. Nilimwambia ni mchoyo, ananiacha peke yangu katika nchi ya watu, anathamini mboga kuliko mimi niliyemzaa. Kwa hasira nikasema hivyo, niliyemzaa, na wala sikujirekebisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi.

"Si ngogwe," alisema. "Wanasema nipumzishe udongo miaka mitano. Mimi sina miaka mitano. Nina siku za mashine. Nikikaa, nitakaa kwa ajili ya kuogopa tu, na mimi nimechoka kuogopa. Nataka kwenda kuogopea nyumbani."

"Mimi je?"

"Wewe utalia," mama alisema. "Nisikudanganye."

Daktari alimweleza tena yatakayompata akiacha mashine, nikamtafsiria tena, naye akamshukuru daktari kwa mikono miwili. Kaka yangu alisema atampokea Dar es Salaam. Mimi nisingeweza kwenda. Karatasi zangu wakati ule zilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji, nikitoka nisingerudi. Mama alilijua hilo siku nyingi, na hatukulizungumzia hata mara moja.

Siku ya safari, asubuhi, alinikuta napanga nguo zake. Alizichomoa zile alizolimia, zote, akazitia kwenye mfuko wa taka. Viatu vya shamba pia. Mtandio alioupenda, aliokuwa anaufunga kichwani bustanini, akautazama sana na kuutia humo humo.

"Hiyo naweza kuifua," nikasema.

"Kwa kaka yako ni viazi na nyanya mpaka mlangoni," alisema. "Nimekwisha kuharibu huku. Siendi kuharibu na kule."

Kisha akakaa kwenye kiti cha chooni, akaninyooshea miguu. Nilileta beseni, maji ya moto, sabuni na brashi. Visigino vyake vilikuwa vya mtu aliyetembea milima maisha yake yote, vimepasuka magaga marefu, na ndani ya kila ufa kulikuwa na mstari mweusi wa udongo wa Maryland. Nilisugua. Maji yakawa ya kahawia. Nilichukua njiti ya kiberiti nikachokoa kucha moja moja, za miguu, kisha za mikono, ule mkono mzima na ule wa mashine, ambao mshipa wake ulikuwa unanguruma chini ya vidole vyangu. Nilikuwa nauchukia udongo ule kama mtu. Nikamuumiza, nikaomba radhi, nikataka kuacha.

"Sugua," mama alisema. "Na huku nyuma. Siku ya kuoshwa kwangu, nikifa, watakuwapo dada zako wa kule nyumbani, wewe hutakuwapo. Basi nioshe leo."

Nikamwaga maji yale chooni, nikaleta mengine, nikaanzia juu, kichwani, upande wa kulia kwanza, kama tulivyofundishwa.